Linki ya stabilaiza imeachia nyuma ya Altezza: niifunge kwa waya, niichomelee au niing'oe?

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mkazi wa Pasua, Moshi, lakini kazi yangu iko Arusha, kwa hiyo kila Jumatatu alfajiri ninashika barabara kwenda na kila Ijumaa jioni ninarudi. Gari langu ni Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2001, ya gia sita za mkono, ambalo nililinunua kwa kaka yangu alipohamia Dodoma. Kaka alilipenda mno, na katika kulipenda huko alikata springi zote nne ili likae chini, akafunga na rimu pana.

Miezi mitatu iliyopita nilianza kusikia kitu kinagonga nyuma upande wa kulia, ko-ko-ko, hasa ninapoingia barabara ya vumbi ya nyumbani. Fundi wa kwanza akasema shokapu zimekufa. Nikanunua mbili mpya, zikafungwa, na kelele ikabaki pale pale. Ijumaa iliyopita, nilipokuwa ninapita kwenye rasta za Kikatiti, nikasikia mlio mmoja mkubwa wa chuma, na kuanzia hapo ikawa kama mtu anapiga debe chini ya gari. Nilisimama pembeni, nikainama na tochi ya simu, nikaona kijiti cha chuma chenye urefu wa kiganja kinaning'inia kwenye gurudumu. Upande wake wa chini umeshika, upande wa juu umeachia. Juu kumebaki kikombe kitupu chenye mpira uliochanika, na ile bolti yake imebaki kwenye nondo ndefu inayopita chini ya gari, ikiwa na kichwa cha duara kinachong'aa kama gololi. Shemeji yangu alinifuata, akakifunga kwa waya ule wa kufungia nondo za ujenzi, nikaendesha polepole mpaka nyumbani.

Sasa kila mtu ana lake. Shemeji anasema waya unatosha kwa muda. Fundi wa mtaani kwetu anataka aichomelee ile gololi kwenye kikombe chake ili "isitoke tena milele". Mwingine anasema ang'oe linki zote mbili pamoja na nondo yake, kwa kuwa vitu hivyo Wajapani waliviweka kwa ajili ya mashindano na kwa barabara zetu havina kazi. Mimi ninawaza ule mteremko wa Kikafu na malori yanayopanda. Je, Jumatatu ninaweza kwenda kazini na gari hili? Ninunue linki moja au mbili? Na je, ninaweza kuifunga mwenyewe? Nina jeki, spana za kutosha na subira, na nimechoka kujibiwa, "Dada, hili niachie mimi."

Dada wa Altezza,
Moshi

JIBU

Marahaba, binti yangu. Umeandika jambo moja ambalo mafundi wako wote watatu hawakulitazama, nalo ni ile gololi. Nitairudia, kwa sababu ndiyo inayoeleza kilichotokea na ndiyo inayoamua ununue nini. Lakini Jumatatu i karibu, kwa hiyo nianze na safari yako.

Gari lako linaweza kufika Arusha bila linki hiyo, yaani kile kijiti kinachoiunganisha nondo ya stabilaiza na mkono wa gurudumu, mradi lisiende katika hali liliyo nayo sasa. Hatari iliyopo leo ni kile kijiti kinachoning'inia, pamoja na ule waya. Nyuma ya gurudumu, katika nafasi isiyozidi upana wa mkono, kuna mpira wa breki, waya wa kihisi cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki) na ukuta wa ndani wa tairi, na kwa gari lililoshushwa na kuvalishwa rimu pana nafasi hiyo ni finyu zaidi. Waya wa ujenzi ukikatika penye kasi ya kilomita 80 kwa saa, kijiti kinaweza kuufikia mpira wa breki kabla hujasikia chochote. Basi kabla ya Jumatatu ifungue linki hiyo iliyovunjika uiondoe kabisa, kisha fungua na ya upande wa kushoto.

Najua la pili linashangaza, kwani ya kushoto ni nzima. Sababu yake ni kwamba nondo ya stabilaiza, ile inayolizuia gari lisilale kwenye kona, hufanya kazi kwa kushikwa pande zote mbili kwa pamoja, na ikiachiwa upande mmoja haifanyi kazi hata nusu, haifanyi kazi kabisa. Ikibaki imeshikwa kushoto tu, kila gurudumu la kushoto linapopanda na kushuka litaizungusha nondo yote ndani ya bushi zake, yaani mipira inayoishika kwenye bodi, na ile ncha ya kulia iliyo huru itakuwa inapunga juu na chini kama mkia, ikitafuta cha kugonga. Linki zote mbili zikitoka, nondo inatulia. Ifunge kila ncha kwa waya imara mbali na tairi, mpira wa breki na bomba la moshi, ujaribu kuitikisa kwa mkono mpaka uridhike kwamba haigusi kitu. Hapo ndipo waya wa shemeji yako una mahali pake halali.

Ukiendesha hivyo utaliona gari linalala zaidi kwenye kona. Wengi hudhani kwamba nondo ya nyuma ikitoka, gari hukosa ushikaji nyuma na kuchora barabarani. Kwa kawaida inakuwa kinyume. Gari linapokata kona, uzito huhama kutoka matairi ya ndani ya kona kwenda ya nje, na nondo mbili, ya mbele na ya nyuma, hugawana kazi ya kulizuia lisilale. Ya nyuma ikijitoa, sehemu kubwa ya kazi hiyo hubebwa na mbele, kwa hiyo tairi la mbele la nje huelemewa mapema na pua ya gari hutaka kwenda nje ya kona kuliko unavyoiamuru. Hali hiyo si ya ghafla, lakini gari linachelewa kukuitikia, na kuchelewa huko kutakukera pale unapokwepa shimo au bodaboda iliyojitokeza. Kikafu shuka kwa gia ya tatu, upunguze mwendo kabla ya kuingia kwenye kona badala ya kufunga breki ukiwa katikati yake, na usijaribu kulipita lori lolote. Kama mvua inanyesha Jumatatu hiyo, panda basi.

Sasa yule anayesema kwamba nondo ni ya mashindano. Hakukosea kusema kwamba gari hutembea bila hiyo, kwa maana nimekwisha kukuruhusu mimi mwenyewe, na kwenye barabara ya mashimo mabaya gari lisilo na nondo hupita kwa ulaini zaidi, kwa sababu kila gurudumu linajitegemea. Baadhi ya wenye magari ya kupanda milima huziachia makusudi kwa sababu hiyo hiyo. Lakini wewe hupandi mlima. Gari lako lilisanifiwa kama jamii nzima: ugumu wa springi, shokapu na nondo mbili vilipimwa pamoja. Kuna watakaobisha kwamba gari la milango minne haliwezi kuitwa la kispoti. Waache wabishe. Injini ya lita mbili yenye nguvu ya farasi 210, gia sita, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kila gurudumu limeshikwa kwa mikono miwili, juu na chini. Anayeng'oa nondo katika gari la namna hiyo awe na sababu nzuri kuliko uvivu wa kutafuta spea.

Turudi kwenye gololi. Linki ya stabilaiza huachia kwa njia tatu hivi, na kila njia ina tiba yake. Ya kwanza ni nati kulegea na kudondoka. Hapo ungekuta linki nzima, boljointi yake, yaani kile kiungo cha gololi ndani ya kikombe, ikiwa imekamilika, na tundu tupu kwenye nondo. Tiba yake mara nyingine ni nati mpya tu. Ya pili ni sikio la chuma linaloishika linki kupasuka au kuoza kwa kutu, jambo linaloyapata baadhi ya magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Ya tatu ni hii ya kwako: bolti imebaki imefungwa mahali pake, nati haijalegea, bali kichwa chake cha duara kimechomoka kutoka kwenye kikombe. Boljointi imekufa.

Ilivyokufa haihitaji kubahatisha. Ndani ya kikombe kuna kitanda cha plastiki ngumu kinachoikumbatia gololi, kuna grisi, na nje kuna buti ya mpira. Buti ikichanika, vumbi la barabara ya nyumbani kwenu huingia, na vumbi likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Masika yakija maji yanaiosha grisi iliyobaki. Ndiyo maana gololi yako inang'aa: imesuguliwa. Ile ko-ko-ko ya miezi mitatu ilikuwa gololi inacheza ndani ya kikombe kilichopanuka.

Na hapa ndipo kaka yako anapoingia, pamoja na msumeno wake. Gari likishushwa, ncha za nondo na mikono ya magurudumu hubadilisha mkao, na linki iliyotakiwa kusimama karibu wima inainama. Boljointi ina kikomo cha kuinama. Ikifika hapo, shingo ya bolti inaegemea ukingo wa kikombe, na kila tuta linakuwa kama mtu anayeng'oa kisiki kwa mtaimbo, kidogo kidogo, mara mamia kwa siku. Isitoshe, springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu zaidi, na nafasi ya gurudumu kupanda inapungua, kwa hiyo mshindo ni mkubwa kuliko ule uliokusudiwa. Ukifunga linki mpya na kuziacha springi hizo, ninaogopa utaniandikia tena. Ushauri wangu ni utafute springi za urefu wake wa asili, hata zilizotumika zenye hali nzuri, na uzifunge zote nne. Kama kweli unapenda gari likae chini, basi ziwepo springi zilizotengenezwa kuwa fupi tangu kiwandani, pamoja na linki zinazorekebishika urefu, ambazo zina nyuzi katikati na huweza kufupishwa mpaka zisimame wima.

Chungulia pia nondo yenyewe. Kama imepakwa rangi ya kupendeza, nyekundu au buluu, huenda kaka alibadilisha na hiyo akaweka nene. Unene mdogo una athari kubwa kuliko macho yanavyodhani, kwa maana ugumu wa nondo hufuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne: nondo ya milimita 16 ni ngumu kwa karibu asilimia 70 zaidi ya ile ya milimita 14 yenye umbo lile lile na chuma kile kile. Ugumu wote huo hupitia kwenye vile vijiti viwili.

Kuhusu kuchomelea nitakuwa mkali. Boljointi imewekwa pale kwa sababu gurudumu linapopanda, pembe kati ya linki na nondo lazima ibadilike. Ukiichomelea, pembe haibadiliki tena, na nguvu iliyokuwa ikigeuka mzunguko itatafuta pengine pa kuvunja, ama shingo ya bolti, ama sikio la kwenye mkono wa gurudumu, ambalo kulirudishia ni gharama nyingine kabisa. Kitanda cha plastiki kinayeyuka dakika ya kwanza. Na fundi atakuwa amelala chini ya gari akirusha cheche karibu na tanki la petroli na mipira ya breki. Mwambie asante, umepata njia nyingine.

Nunua linki mbili. Si sheria, na mtu asiye na fedha akifunga moja gari halitaanguka, lakini ya kushoto imekula vumbi lile lile na kuinamishwa na springi zile zile, tena utakuwa umekwisha kuifungua. Nenda dukani na namba ya chasisi. Altezza yako ya RS200 ni SXE10, na ile ya injini ya silinda sita, AS200, ni GXE10; muuzaji asikwambie tu kwamba "za Altezza zote ni moja" bila kulinganisha. Beba na linki ya zamani, ilaze sambamba na mpya, ulinganishe urefu, unene wa bolti na mwelekeo wa vichwa viwili, kwani katika baadhi ya magari linki ya kulia na ya kushoto hutazama pande tofauti. Kisha ishike mpya, ujaribu kuizungusha gololi kwa vidole. Linki nzuri inakuwa nzito kugeuka na haina mchezo hata kidogo. Ikipwaya kama kichwa cha mwanasesere, irudishe kaunta, hata kama boksi lake lina picha nzuri. Buti iwe laini, isiwe na nyufa, na nati ziwe mpya za kujifunga zenyewe. Linki iliyotumika sikushauri kabisa. Huwezi kuona ndani ya kikombe.

Je, unaweza kuifunga mwenyewe? Unaweza. Sehemu inayodai uangalifu ni kuliinua gari, zaidi ya kuifungua linki.

Tafuta sakafu ya zege iliyo sawa. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kuna mtego ambao watu wazima wameingia: hendibreki inashika magurudumu ya nyuma, na gia inashika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo unayoyanyanyua. Yakishaondoka chini, hakuna kinachozuia gari lisitembee isipokuwa kabari ulizoweka kwenye magurudumu ya mbele. Weka kabari imara mbele na nyuma ya kila tairi la mbele, jiwe la mto halitoshi, ndipo uinue. Legeza nati za tairi kidogo gari likiwa bado chini. Halafu liinue nyuma, uliweke juu ya stendi mbili chini ya sehemu zilizotengwa za kuwekea jeki, na usiingize hata mkono wako chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Nimesema stendi mbili, na nyuma yote iwe juu kwa usawa. Mafundi wengi wa haraka huinua upande mmoja tu, kisha wanashangaa kwa nini bolti ya linki haiingii kwenye tundu lake. Gurudumu moja likiwa chini na jingine likining'inia, nondo inakuwa imesokotwa, nayo inavuta. Hapo ndipo mtaimbo unaposhikwa na buti mpya inachanika siku ile ile iliyonunuliwa. Magurudumu yote mawili yakining'inia sawa, nondo haina msokoto, na utaisogeza kwa mkono. Ikibaki tofauti ya milimita chache, weka jeki yako ndogo chini ya mkono wa gurudumu, uupandishe polepole mpaka tundu na bolti vionane.

Kuifungua ile ya zamani ndiko kutakakokutia jasho. Katika Toyota nyingi nati hizi ni za spana namba 14 au 17, na katikati ya ncha ya bolti kuna tundu la pembe sita la aleni, la milimita 5 au 6. Kazi ya tundu hilo ni kuizuia bolti isizunguke pamoja na nati, kwa sababu gololi huzunguka upande wowote inaoutaka. Tatizo ni kwamba tundu limejaa matope yaliyokauka. Likwangue kwa msumari mwembamba mpaka uone chuma safi chini kabisa, upulize, upake mafuta ya kulegezea kutu kwenye nyuzi, uende ukanywe chai. Rudi, ipige aleni kwa nyundo ndogo mpaka izame yote, ishike isitikisike, na uzungushe nati kwa spana ya pete. Aleni iliyoingia nusu italiharibu tundu mara moja, na tundu likishakuwa duara hakuna dua.

Kwa upande wako wa kulia, ile bolti iliyobaki na gololi yake ni rahisi zaidi: ibane gololi yenyewe kwa plaizi ya kujifunga, kwani haina thamani tena, na nati itafunguka. Ikigoma kabisa, nati hukatwa kwa grainda, lakini hapo mpe fundi mwenye mkono uliotulia, mpira wa breki na waya wa ABS vifunikwe kwa kipande cha bati, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Moto wa gesi usiletwe hapo, kwa sababu ya tanki.

Linki mpya zikiingia, zungusha nati zote nne kwa mkono kwanza mpaka zikae, ndipo uzikaze. Kiasi cha kukaza kimo katika kitabu cha mafundi cha gari lako, nawe uazime spana ya kupimia nguvu, ile inayolia ikifika kipimo. Kukaza mno hunyoosha bolti na kuua nyuzi. Utasikia pia kwamba lazima gari lishushwe chini ndipo ukaze. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa linki zenye bushi za mpira uliobanwa, kwa kuwa ukizikaza gari likiwa limening'inia, mpira unabaki umesokotwa maisha yake yote. Za gololi, kama zako, hujigeuza zenyewe, kwa hiyo zikaze magurudumu yakiwa hewani. Ukishamaliza, achia hendibreki na gia, zungusha kila tairi kwa mkono na usikilize kama kuna kinachogusa, shusha gari, na nati za tairi uzikaze kwa nyutoni-mita 103.

Endesha kilomita mia hivi, yaani Moshi mpaka Arusha na mizunguko ya mjini, kisha weka spana tena kwenye nati zile nne.

Limebaki suala la shokapu ulizonunua, ambalo hukuniuliza lakini linaniuma. Kulikuwa na kipimo cha bure. Nondo ya stabilaiza hufanya kazi pale tu gurudumu moja linapopanda bila jingine. Magurudumu yote mawili yakipanda kwa pamoja, nondo inajizungusha tu ndani ya bushi na linki hazibebi karibu chochote. Kwa hiyo ukipita polepole juu ya tuta lililonyooka, tairi zote za nyuma zikipanda wakati mmoja, na gari lisigonge, kisha ukalipita tuta hilo hilo kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine, na likagonga, shuku linki au bushi za nondo kabla ya shokapu. Na ukitaka uhakika, zifungue linki zote mbili, uzunguke mtaa mara moja. Kelele ikitoweka, umempata mwizi. Dakika arobaini za kazi, bila kununua kitu.

Fanya kipimo hicho cha mshazari tena ukimaliza kufunga, kwenye tuta lolote la mtaani, madirisha yakiwa wazi na redio imezimwa. Ikigonga bado, tazama bushi mbili zinazoishika nondo kwenye bodi, ambazo kwa umri wa gari lako huenda zimekauka. Lakini kabla ya hizo, fungua buti la gari uone kama jeki na spana ya tairi zimefungwa mahali pake. Nilipokuwa gereji Arusha niliwahi kumfungulia mteja mmoja nyuma nzima ya gari, asubuhi mpaka adhuhuri, na kilichokuwa kinagonga ni jeki.